Mwondoeni kasisi kwenye kamati ya nidhamu

Kesi ya bangi katika shule ya bweni huendeshwa karibu kwa namna moja, iwe Nyeri, iwe Kakamega, iwe Taita. Naibu wa mwalimu mkuu huketi kichwani mwa meza. Pembeni yake kuna mwalimu wa bweni, mwalimu wa ushauri nasaha, na mwalimu wa darasa aliyekuja na alama za muhula uliopita. Mezani upo ushahidi: misokoto miwili mitatu iliyofungwa kwa karatasi ya daftari, iliyonaswa ndani ya mkate uliotobolewa katikati au kwenye tyubu ya dawa ya meno iliyokatwa kwa nyuma na kukunjwa upya. Kijana wa kidato cha pili amesimama, mikono nyuma, macho sakafuni. Na pale ambapo shule ina mdhamini wa kanisa, si ajabu kumkuta kasisi wa shule akiwa na kiti chake kwenye meza hiyo hiyo. Ndiye anayefungua kikao kwa sala.

Kwa kijana yule hakuna la kueleza zaidi. Mtu aliyewaambia Jumapili kwamba mlango wake uko wazi wakati wowote, leo ni mmoja wa wanaoamua aende nyumbani wiki mbili na arudi na mzazi. Atafunga sanduku lake, na kabla ya masomo ya jioni kuanza bweni zima litajua nani alikuwa amekaa wapi. Mwenzake wa kitanda cha juu, ambaye pengine alikuwa anajipa moyo wa kwenda kumweleza kasisi jambo fulani, atalimeza.

Naandika haya kwa sababu naamini kwamba kasisi, na ustadh mwenzake, anaweza kufanya kazi ambayo mtu mwingine shuleni ataifanya kwa shida sana: kumfikia mtoto kabla dawa hazijamfikia, au zikiwa zimeshamfikia lakini bado hazijamtawala. Kazi hiyo haifanyiki mtu akiwa mlezi asubuhi na hakimu jioni.

Tuanze na ukubwa wa tatizo lenyewe. Utafiti wa shule za sekondari uliotolewa mwaka 2016 na NACADA, mamlaka ya kitaifa ya Kenya ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, ulionyesha kuwa asilimia 23.4 ya wanafunzi walikuwa wamewahi kunywa pombe. Asilimia 17 walikuwa wametafuna miraa au muguka, asilimia 16 walikuwa wametumia vibaya dawa za hospitali, asilimia 14.5 tumbaku, na asilimia 7.5 bangi. Heroini ilikuwa asilimia 1.2. Ukiitazama orodha hiyo vizuri utaona kwamba bangi, ambayo ndiyo inayojaza vikao vya nidhamu, ni ya tano. Vinne vinavyoitangulia ni vitu ambavyo mtu mzima hununua dukani, kibandani au kwenye duka la dawa mchana kweupe, na vingine mtoto huvikuta sebuleni kwao. Kijana anayemeza vidonge vya usingizi vya mama yake, au anayekunywa chupa nzima ya dawa ya kikohozi, hanuki moshi. Upekuzi wa masanduku hauwezi kumpata.

Lililo zito zaidi lilitoka katika shule za msingi. Utafiti wa NACADA wa mwaka 2019 ulieleza kuwa asilimia 20.2 ya wanafunzi wa shule za msingi walikuwa wamewahi kutumia angalau aina moja ya kilevi, na kwamba wastani wa umri wa kuanza ulikuwa miaka 11. Miaka kumi na mmoja ni darasa la tano au la sita, mtoto ambaye bado anacheza mchezo wa kati. Sasa uliza: makasisi wako wapi? Wengi wako katika shule za sekondari za bweni, hasa zile kubwa zenye kanisa lao ndani ya ua. Katika shule za kutwa, ambako ndiko waliko watoto wengi wa Kenya, na katika shule za msingi na sekondari msingi, huyo kasisi ni mchungaji wa jirani anayepita mara moja kwa wiki kwa kipindi cha malezi ya kiroho, akipata nafasi. Mara nyingine hayupo kabisa.

Sababu yake imeandikwa katika sheria. Kabla ya Sheria ya Elimu ya 1968, makanisa ndiyo yaliyoendesha sehemu kubwa ya shule nchini Kenya. Baada yake serikali ikachukua usimamizi na makanisa yakabaki kuwa wadhamini. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 27, inataja majukumu ya mdhamini huyo, na miongoni mwake ni kutoa ushauri wa mambo ya kiroho pamoja na kuteua makasisi wa shule, kisha inaongeza maneno machache yenye uzito mkubwa: kwa gharama yake mwenyewe. Padri aliyesajiliwa kuwa mwalimu hulipwa kwa kufundisha. Ukasisi ni nyongeza ya moyo wake. Dayosisi yenye shule nyingi na mapadri wachache humpa mmoja shule tatu au nne, juu ya parokia yake, mazishi, harusi na vigango. Shule isiyo na mdhamini haina wa kumdai chochote.

Kwa hiyo tunazungumzia watu wachache, wasiolipwa au wanaolipwa kidogo, tuliowabebesha mzigo wa taifa. Ndiyo maana inauma zaidi kuona hata hao wachache wakitumiwa vibaya.

Kasisi ana nini ambacho wengine hawana? Mwalimu wa ushauri nasaha yupo katika kila shule, angalau kwenye karatasi. Lakini ni huyo huyo anayefundisha kemia, anayesahihisha mtihani wa mwisho wa muhula, anayekula chakula cha mchana na naibu wa mwalimu mkuu, na mara nyingi ni mwalimu wa bweni la jirani. Mwanafunzi anaijua ofisi ya walimu: likiingia jambo upande huu linatokea upande ule. Kasisi asiyefundisha somo la mtihani hana alama ya kumpunguzia mtu. Hahesabu waliochelewa mstarini. Anaweza kutembea bwenini jioni akamkuta mtu ameketi kitandani peke yake wakati wenzake wako uwanjani, akakaa naye dakika kumi, na asiwe na fomu ya kujaza.

Na kuna jambo moja ambalo halitajwi mara nyingi. Mzazi wa mwanafunzi anapofariki, ni nani huitwa kumweleza mtoto? Simu huingia kwa mwalimu mkuu, naye humtafuta kasisi. Ndiye anayemtoa mtoto darasani, wakatembea pamoja hadi mahali pa faragha, akamwambia. Ndiye wakati mwingine anayepanda gari la shule kwenda mazikoni. Wiki mbili baadaye mtoto amerudi, nguo zimefuliwa, kichwa kimenyolewa, masomo yanaendelea, na kila mtu anadhani yamekwisha. Hapo ndipo mwenzake humpa kitu cha kumsahaulisha. Kasisi makini ana daftari dogo, na ndani yake jina la mtoto huyo limepigiwa mstari, na tarehe ya kumwita tena. Haiti mkutano. Anamwita tu wakati wa chai wakae. Katika kazi yote ya kuzuia mihadarati shuleni sijui iliyo na thamani kuliko hiyo, na haionekani kwenye ripoti yoyote.

Hivyo hivyo katika zahanati ya shule. Mwanafunzi anayekuja kila Jumatatu na kichwa kinachouma, anayetetemeka baada ya likizo fupi, asiyelala, aliyeacha kwaya ghafla, muuguzi humpa vidonge vya maumivu. Kasisi anayepita pale kuwaombea wagonjwa ana nafasi ya kuuliza swali la pili.

Swali ndilo lenye kazi, kuliko hotuba. Hapa viongozi wa dini inawabidi wakubali ukweli usiopendeza. Ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya na uhalifu, UNODC, ilitoa viwango vya kimataifa vya kinga mwaka 2013, na ikavihuisha mwaka 2018 pamoja na Shirika la Afya Duniani. Viwango hivyo vilipima ni nini kinachosaidia shuleni na nini hakisaidii. Katika kundi la visivyosaidia, au hata vinavyodhuru, imetajwa mihadhara ya upande mmoja, kuwatia watoto hofu, kumleta mtu aliyewahi kuwa mraibu asimulie maisha yake, na kumtumia polisi kuwa mwalimu wa somo hilo. Sasa fikiria siku ya kupiga vita mihadarati katika shule zetu: kituo cha polisi kinatuma afisa, kijana aliyeacha unga wa heroini anasimulia alivyokuwa teja, mhubiri anapaza sauti juu ya jehanamu, wanafunzi elfu moja wanapiga makofi, basi. Watoto wanaondoka wakiwa wamejifunza majina mapya ya dawa. Yanayosaidia ni mazungumzo ya vikundi vidogo, mazoezi ya kukataa mbele ya rafiki, kujua kwamba wanaotumia si wengi kama wanavyodhani, na kufanya hivyo kwa vipindi vinavyofuatana, chini ya mtu aliyefunzwa.

Kipindi cha malezi ya kiroho kimo kwenye ratiba ya wiki ya shule za Kenya tayari. Hakihitaji bajeti. Kinahitaji kasisi au ustadh aliyefundishwa kukiendesha bila kukigeuza ibada ya pili. Kwa nini seminari na vyuo vya theolojia vimfundishe mtu Kigiriki cha Agano Jipya miaka mitatu, kisha vimpeleke shule ya wavulana mia nane bila hata muhula mmoja wa kujifunza uraibu?

Hata mazungumzo ya ana kwa ana yana ufundi wake. Mwanasaikolojia wa Marekani William R. Miller aliandika mwaka 1983 juu ya njia ya kuzungumza na mlevi bila kumkemea, ambayo baadaye yeye na Stephen Rollnick waliikuza hadi ikaenea duniani. Msingi wake ni kwamba mtu hubadilika kwa sababu alizozitaja yeye mwenyewe kuliko alizopewa. Tuseme kijana ameketi mbele ya padri wake.

“Padri, ni kweli nilivuta. Lakini si kila siku.”

“Sawa, mwanangu. Ukivuta unapata nini?”

“Usingizi. Nikizima taa naanza kufikiria mambo ya nyumbani.”

“Na unapoteza nini?”

Kimya. Kisha: “Nilikuwa kwenye timu ya mpira.”

Padri angeweza kusema kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, na angesema kweli. Lakini neno la mpira limetoka kinywani mwa kijana, na hapo ndipo pa kuanzia. La nyumbani litafuata siku nyingine.

Mazungumzo hayo hayawezekani iwapo kijana anajua yatafika kwa naibu wa mwalimu mkuu. Hapo tunafika kwenye suala la siri. Kanisa Katoliki lina sheria kali kuhusu kitubio: kanuni ya 983 inakataza kabisa padri kumsaliti anayeungama, kwa neno wala kwa namna nyingine yoyote. Mazungumzo ya kawaida ya ushauri hayana ulinzi huo, na makanisa mengine yana taratibu zao. Shule kwa kawaida haijaandika lolote. Kila kasisi anajiamulia, na kila mwalimu mkuu ana mawazo yake kuhusu “ushirikiano” anaoutarajia.

Hoja ya walimu wakuu naielewa. Wanasema: nina watoto elfu moja, mmoja anauza bangi bwenini, kasisi anajua, ananyamaza, kesho bweni linaungua. Kumbukumbu ya Kyanguli, Machakos, ambako wavulana 67 walikufa kwa moto bwenini mwaka 2001, haijafutika kwa mtu yeyote anayelala na funguo za shule chini ya mto. Wala sisemi kasisi afiche hatari. Mipaka iwekwe, iandikwe, na isomwe mbele ya wanafunzi siku ya kwanza ya muhula: ukiniambia unatumia, hilo ni letu wawili na nitakusaidia, ukiniambia unataka kujiua, au kuna mtu mzima anayekudhulumu, au unawauzia wadogo, sitaweza kunyamaza, na nitakwambia kabla sijafungua mdomo. Mtoto anayejua mpaka uko wapi huzungumza. Asiyejua hunyamaza yote. Sheria ya Watoto ya 2022 inampa mtoto haki ya kulindwa dhidi ya dawa za kulevya, na kumlinda hakuwezekani pasipo mahali pa kusemea.

Kuna pia swali la hiyo adhabu yenyewe. Kijana amepewa wiki mbili nyumbani. Mama anaondoka alfajiri kwenda kibaruani, baba hayupo au yuko Nairobi. Mtoto anakaa na nani mchana? Anakaa maskani, kijiweni mwa vijana, na huko ndiko ile bangi ilikotoka. Tunamrudisha kwa muuzaji, kisha tunamtaka arudi ametubu. Kasisi aliye nje ya kamati anaweza kuwa mtu wa kumpigia mzazi simu siku ya tatu, kumuunganisha na parokia au msikiti wa mtaani kwao, na kumpokea langoni siku ya kurudi. Aliyepiga kura ya kumtoa hapokelewi hivyo.

Nimetaja ustadh makusudi. Katika shule nyingi za Pwani na Kaskazini Mashariki, na katika shule za kanisa zenye wanafunzi Waislamu, mtoto Mwislamu anaambiwa akamwone kasisi. Wapo makasisi wema wanaompokea vizuri, na sheria hiyo hiyo ya 2013 inamtaka mdhamini aheshimu imani ya wengine. Lakini jambo la aibu husemwa kwa mtu unayemfahamu. Kijana wa Kisauni aliyeanza kubugia bugizi, vile vidonge vya kulewesha, atamweleza maalim aliyemfundisha juzuu ya kwanza kabla hajamweleza mchungaji. Shule ichukue namba ya imamu wa msikiti wa jirani, imkaribishe, impe chumba siku moja ya wiki. Pwani inalijua tatizo hili kuliko sehemu nyingine yoyote ya nchi. Unga umezika vijana wake tangu miaka ya 1990. Mei 2024 magavana wa Mombasa, Kilifi na Taita Taveta walipiga marufuku muguka, na ndani ya siku chache Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha agizo. Wanasheria walipokuwa wakibishana, kibanda nje ya lango la shule kilikuwa wazi.

Kuhusu vibanda na baa: sheria ya vileo ya 2010 inataka baa iwe angalau mita 300 kutoka shuleni, na inakataza kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 18. Kasisi na imamu wakienda pamoja kwa chifu kudai sheria hiyo ifuatwe, huwa vigumu kuwafungia mlango.

Neno moja la tahadhari kwa viongozi wa dini wenyewe. Uraibu ni ugonjwa. Maombi yana nafasi yake, na wapo waliosimama kwa nguvu ya imani baada ya kila kitu kushindikana. Lakini mtoto anayetapika na kutetemeka kwa arosto, yale mateso ya kukosa dawa, hahitaji kukemewa pepo mbele ya wenzake. Anahitaji daktari, leo. Kenya ilianza kutoa methadoni katika hospitali ya Mathari mwishoni mwa 2014, na mwaka uliofuata huduma ikafika Malindi na Kisauni. Hiyo ni tiba ya walioshikwa na heroini, na wengi wao ni watu wazima waliotafuta msaada wakiwa wamechelewa miaka mingi. Kasisi anayejua jina la muuguzi wa hospitali ya kaunti, na anayempigia bila kuona kwamba imani yake imeshindwa, ameokoa mtu.

Mwaka 2023 bodi ya NACADA ilipata mwenyekiti aliye mtu wa kanisa mwenyewe, Stephen Mairori. Sioni chombo kilicho na nafasi nzuri zaidi ya kuwaketisha mezani maaskofu, masheikh na Wizara ya Elimu na kukubaliana mambo matatu: mafunzo ya lazima kwa kila anayeitwa kasisi au ustadh wa shule, maandishi ya siri na mipaka yake, na posho ya umma kwa wale wanaohudumu katika shule za kutwa na za msingi ambako hakuna mdhamini wa kuwalipa. Hilo la tatu litahitaji Bunge kukigusa kifungu cha 27, na litachukua muda.

Lakini kumwondoa kasisi kwenye kamati ya nidhamu hakuhitaji Bunge. Bodi ya shule inaweza kufanya hivyo katika kikao chake kijacho, kwa mstari mmoja wa kumbukumbu, na mwalimu mkuu akalitangaza mstarini Jumatatu inayofuata. Wazazi mlio kwenye bodi hizo, liombeni liwekwe kwenye ajenda. Na kwa mzazi anayesoma haya akiwa tayari na wasiwasi juu ya mwanawe, nambari ya NACADA ni 1192, na ile ya watoto wenyewe ni 116. Zote mbili ni za bure.